Benchi la Mama Mena

Kwa miaka mitano nimempenda mwanaume ambaye mgongo wake naujua kuliko uso wake.

Simsengenyi. Ndivyo kazi yetu ilivyo. Iaco anatangulia, mimi nafunga msafara, na katikati yetu kuna wageni kumi na wawili na fimbo zao za kutembelea na magoti yao yanayolalamika. Kiongozi wa mbele harudi nyuma. Mfunga msafara hampiti mtu, hata mtu huyo akikaa juu ya jiwe nusu saa kupiga picha ya ua moja. Siku saba tunatembea kutoka bonde hadi bonde, tunakanyaga mawe yale yale, tunanyeshewa na mvua ile ile, na kutwa nzima hatusogeleani. Tuna simu ya upepo tu, na hiyo dereva anayepeleka mabegi anaisikia yote huko chini. Hebu jaribu kumwambia mtu maneno ya mahaba wakati dereva anakusikiliza huku anatafuna mkate.

"Mbele kwa nyuma. Wangapi?"

"Nyuma kwa mbele. Wote wapo."

Hizo ndizo barua zetu za mapenzi.

Ila kuna sehemu ambazo njia inapanda kwa kupindapinda. Hapo yeye anakuwa juu ya kichwa changu, anakuja upande wangu, na kwa hatua kama kumi hivi ananitazama. Hasemi kitu. Ananitazama tu mpaka kona immeze, na mimi nabaki kumhimiza mama mmoja wa Munich anywe maji, moyo ukinidunda kama msichana wa miaka kumi na saba. Nina thelathini na sita. Nimeishi kwa kona hizo misimu mitano, na sioni haya kusema kwamba nyingine nilizihesabu.

Ijumaa hiyo ilikuwa siku ya sita ya safari ya mwisho ya msimu. Ng'ombe walikuwa wameshaanza kushushwa bondeni, na nyumba za mlimani zilikuwa zikifungwa madirisha moja baada ya nyingine. Jioni tungelala Larjei, nyumba ya wageni ya Mama Mena, mama mzazi wa Iaco, na kesho yake asubuhi tungeshuka barabarani kila mtu ashike njia yake.

Jumapili iliyotangulia, kwenye kituo cha treni, kabla wageni hawajashuka, Iaco alinishika kidole kimoja, kama kawaida yake mbele za watu, akasema, "Ijumaa, kwa Mama, nitasema."

Kusema kwenyewe ni hivi: kwamba anataka kunioa, na kwamba majira haya ya baridi sitarudi kwetu Ferrara, kule tambarare. Usiku ule nilimpigia dada yangu simu. Nikamwambia, ukiniona Jumamosi nimekuja peke yangu, ujue nimekuja moja kwa moja, na ile kazi ya ofisi ya shule uliyonitafutia nitaichukua. Dada akauliza kama nina hakika na huyo mtu. Nikasema ameniahidi. Akasema, "Haya," na ile sauti yake niliichukia.

Kilichonitia hofu mimi kilikuwa ni benchi.

Larjei wageni wanakula sebule kubwa, meza ndefu, supu inapita mkono kwa mkono. Wenye nyumba wanakula jikoni, kwenye benchi la mbao linalozunguka jiko la kuni. Benchi lile mtu hajikalishi. Utaitwa. Hata daktari wa bonde akipanda na theluji imemjaa mabegani, atasimama mlangoni na kofia mkononi mpaka asikie, "Njoo ukae." Iaco, mwana wa nyumba, akifika tu anatupa begi na kuingia. Mimi, kila kiangazi, safari baada ya safari, nimelala nyumba ile na sijawahi kuitwa.

"Mama ni mgumu," Iaco alikuwa ananiambia. "Anasema watu wa tambarare wanaupenda mlima wakati wa kiangazi tu. Mpe muda."

Nikampa muda. Nikala na wageni, nikawakatia mkate, nikacheka vichekesho nilivyokwisha kuvisikia mwezi wa sita na wa saba, na kila mlango wa jikoni ulipofunguka nikaliona bega la Iaco kwenye mwanga wa moto.

*

Siku hiyo ya Ijumaa, saa tisa alasiri, tukiwa tunakaribia pengo la juu, pale njia inapovuka kati ya vilele, na ukungu umeshatufunika, Mzee Sietse aliniita.

Mzee Sietse alikuwa Mholanzi wa miaka sabini na moja. Tangu siku ya kwanza alijichagulia nafasi ya mwisho, mbele yangu tu, si kwa sababu hana nguvu bali kwa sababu anapenda kuongea, na huko nyuma kuna mtu ambaye analipwa ili asimkimbie. Alikuwa ananiita binti. Nilimpenda.

"Binti, kiatu changu kimefungua mdomo."

Nikatazama. Soli ilikuwa imebanduka kuanzia vidoleni mpaka kisiginoni, inaning'inia.

"Mzee, viatu hivi ulivinunua lini?"

"Mwaka niliostaafu. Lakini ni vipya. Nimevivaa mara mbili."

"Na miaka yote hii vilikuwa wapi?"

"Kwenye boksi lake, kabatini. Navitunza."

"Ndiyo maana. Gundi inazeeka, hata kiatu kikikaa tu."

"Kumbe," alisema, akakaa juu ya jiwe. "Na mimi pia nilikaa tu, sasa ona magoti."

Nikatoa utepe wa plasta na kamba nikaanza kumfunga kiatu kama mguu uliovunjika. Simu ikakoroma.

"Mbele kwa nyuma. Wangapi?"

"Mmoja, na mimi. Soli ya Mzee Sietse imebanduka. Tutakwenda polepole."

"Hapa ninao kumi na mmoja. Wanatetemeka kwa baridi, siwezi kuwasimamisha. Njia utaiona?"

"Nitaiona."

"Basi natangulia nao. Supu ni saa kumi na mbili na nusu."

"Iaco."

"Ndiyo."

"Unakumbuka leo ni siku gani?"

Nilisikia upepo wa upande wake, kisha upepo huo huo ukanifikia mimi.

"Nakumbuka," alisema. "Mbele natoka."

Mzee Sietse alikuwa anaangalia kiatu kwa makini ya mtu anayesikiliza.

"Ijumaa kuna nini?" akauliza.

"Kuna supu ya shayiri."

"Binti, mimi nimefanya kazi miaka thelathini na moja kwenye kijumba cha kuinulia daraja. Mashua inakuja, nainua daraja, mashua inapita, nashusha. Mtu ambaye kazi yake ni hiyo hana la kufanya ila kutazama watu. Mnatazamana nyie, hata kipofu angewaona. Kwenye zile kona. Jana yule mama wa Munich ameniuliza mbona msafara huwa unasimama kwenye kona."

Nikahisi uso unawaka. "Amesema hivyo?"

"Amesema, je, kiongozi wetu ana tatizo la pumzi?"

Nilicheka, na kwa sababu ya kucheka nikamwambia yote: ahadi, dada, benchi. Hakuwa na haja ya kujua, lakini ukungu unampa mtu ujasiri, na mzee yule kesho yake angekuwa kwenye treni asionekane tena.

Tulikuwa tumeshalivuka pengo na tunashuka, hatua moja moja, aliponijibu.

"Kuna mwanamke alikuwa anapita darajani kwangu kwa baiskeli kila asubuhi saa moja na dakika kumi. Koti la kijani. Nikawa nachelewesha kulishusha daraja, dakika moja hivi, ili asimame pale kwenye kizuizi. Nikawa namtazama kwenye kioo."

"Na yeye?"

"Alikuwa ananisalimia kwa mkono. Miaka sita."

"Halafu?"

"Halafu mwaka mmoja hakupita tena."

"Hukuwahi kutoka nje ukaongea naye?"

"Siruhusiwi kuacha mashine," alisema Mzee Sietse. Kisha, baada ya hatua kadhaa, akasema, "Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ngazi zenyewe zilikuwa nane tu."

Tukaendelea kushuka mpaka tulipoziona taa za Larjei.

*

Tulifika saa moja na nusu, wageni wameshakula, wengine wamekwenda kulala na soksi zao zinaning'inia juu ya jiko la sebuleni. Mzee Sietse akapewa bakuli lake na vipande viwili vya mkate, akaanza kula bila hata kuvua kofia. Mahali pangu pale mezani palikuwa tayari: sahani, kijiko, glasi iliyopinduliwa. Nikaitazama sahani ile, nikaelewa. Iaco hajasema.

Nikauliza Iaco yuko wapi. Wakanijibu yuko nje nyuma, kwenye lifti ya waya, anapandisha mizigo.

Nikachukua kiatu cha Mzee Sietse nikaenda mpaka mlango wa jikoni. Nikasimama pale pale ninaposimama siku zote, vidole vya miguu mbele ya kizingiti.

Mama Mena alikuwa peke yake, anamenya matufaha. Mwanamke mfupi, mikono minene, nywele nyeupe zimesukwa na kuzungushwa kichwani.

"Habari za jioni, Mama Mena. Naomba gundi, kama ipo. Kiatu cha mgeni kimeharibika."

"Ipo dirishani. Ingia uchukue."

Sikusogea. Alimenya tufaha lile mpaka mwisho kabla ya kuinua macho.

"Una tope miguuni?"

"Hapana, mama."

"Basi unangoja nini?"

Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimembeba mzee wa watu kwa maneno kilomita saba kwenye ukungu. La sivyo nisingejibu vile.

"Nangoja kuitwa."

Mama Mena akaweka kisu chini.

"Kuitwa na nani?"

"Na mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ni mimi."

"Najua, mama. Ndiyo maana nimesimama hapa miaka mitano."

Akanitazama kwa muda mrefu. Macho yake ni yale yale ya Iaco, ila haya hayakimbii.

"Binti," alisema, "wewe unanichezea?"

"Sikuchezei."

"Kila mkija naweka sahani ya nne kwenye benchi hili. Ya kwangu, ya Iaco, ya msichana wa kazi, na ya kwako. Mwaka wa kwanza nimeweka. Mwaka wa pili nimeweka. Na kila mara mwanangu ananiambia, Mama, iondoe, yule anapenda kula na wageni wake. Nikasema haya, mtu wa mjini, hapendi nguo zinuke moshi. Mimi nina kiburi changu. Sikumbembeleza mtu aje ale ugali wangu."

Nikashika fremu ya mlango.

"Iaco amesema wewe hunitaki," nilisema. "Amesema unasema watu wa tambarare wanaupenda mlima kiangazi tu."

"Maneno hayo nimesema. Nimeyasema juu ya mke wa mwanangu mkubwa, yule wa Verona, siku alipofungasha. Wewe nimekusema lini? Nimeongea na wewe lini? Habari za jioni, gundi iko wapi, ahsante, kwa heri. Hayo ndiyo mazungumzo yetu."

"Kwa nini basi hukuniita mwenyewe, mama?"

Alishtuka kidogo, kama nimemuuliza kwa nini hali supu kwa uma.

"Anayekuleta ndiye anayekuita. Msichana akiletwa na kijana, mama wa kijana hafungui mdomo kabla ya mwanawe. Nikikuita mimi, nimekuposa mimi. Bonde zima lingecheka, mama anamtafutia mtoto wa miaka arobaini mchumba kwa sahani ya ugali. Hujui hilo?"

Sikujua. Miaka mitano nimewaonyesha wageni maua, mawe, nyayo za mbuzi mwitu, na hilo sikulijua. Mimi nilikuwa nangoja mama aite. Mama alikuwa anangoja mwana aite. Na mwana alikuwa anakula.

Mama Mena akafuta mikono kwenye aproni. Akatoa sahani kabatini, akaiweka mwisho wa benchi, karibu na jiko.

"Sasa waache wacheke," alisema. "Njoo ukae."

Nikavuka kizingiti. Benchi lilikuwa la moto kwa nyuma, limelainika kwa kukaliwa na watu miaka mingi. Akanipakulia ugali wa njano na jibini na kabichi, akakaa mbele yangu kunitazama nikila, na mimi nikala na machozi yananidondokea sahanini, wala hakusema ninyamaze.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Iaco akaingia na kreti la maziwa mikononi, pua nyekundu kwa baridi, anasema, "Mama, ule waya inabidi..." Akaniona. Akabaki amesimama, kreti kifuani.

"Weka chini, utaumia mgongo," mama yake alisema. Akainuka. "Mimi naenda kuwaangalia wageni. Nitawaangalia kama dakika kumi."

Akatoka, akaufunga mlango. Hatukusikia nyayo zake zikiondoka.

"Umekula?" Iaco akaniuliza.

"Nakula. Unaona."

"Nilitaka kusema leo. Nilikuwa nangoja ufike."

"Sahani yangu nimeikuta kule mezani, Iaco. Kule kwa wageni. Nani ameiweka?"

Akaliweka kreti sakafuni bila kuniangalia.

"Miaka mitano," nilisema. "Nimemchukia mama yako miaka mitano. Nilikuwa nalala kule juu na watu kumi na wawili wanakoroma, namchukia mwanamke aliyekuwa ananiwekea sahani. Kwa nini?"

Akakaa, si karibu yangu, akakaa upande wa pili ambapo mama yake alikuwa amekaa. Alikuwa anaangalia mikono yake.

"Yule mke wa kaka," alisema. "Alikaa hapo ulipokaa. Mama alimpenda. Alimfundisha kila kitu, kufuma, kutengeneza jibini, mpaka akamwita jina la utotoni la dada yake mwenyewe aliyekufa. Halafu msimu wa pili wa theluji akaondoka, na kaka akamfuata, na Mama akakaa dirishani mpaka Pasaka. Mimi ndiye niliyekuwa hapa naye. Sio kaka. Mimi. Nikasema, sitamletea mtu tena mpaka niwe na hakika."

"Hakika ya nini?"

"Kwamba hutaondoka."

"Ulipata wapi mtu wa kukupa hakika hiyo? Hukuniuliza."

"Naogopa, Ornella."

Alivyolitaja jina langu nikamhurumia. Naliweka hili wazi, nilimhurumia, na nilimpenda, na kama angenyoosha mkono ningeushika. Huyu ni mtu ambaye amewahi kuvuka mto uliofurika na mgeni mgongoni. Alikuwa ananitazama kwa yale macho ya kwenye kona.

"Basi sema sasa," nilimwambia. "Unaogopa, sawa, sema huku unaogopa. Mama yako yuko nyuma ya mlango ule, anasikia, wewe unajua na mimi najua. Huna hata haja ya kusimama. Sema."

Kuni zikaanguka ndani ya jiko. Akaangalia mlango, akaniangalia mimi.

"Kesho," alisema. "Tuwashushe wageni kwanza. Kesho, kwa utulivu, nitapanda tena nimwambie vizuri."

Nikamaliza ugali wangu. Nikaenda dirishani nikachukua gundi.

*

Asubuhi kulikuwa na jua lisilo na joto. Mama Mena alikuwa mlangoni anampa kila mgeni mkono na kipande cha keki kwenye karatasi. Mimi nilikuwa wa mwisho, kama kawaida. Hakunipa keki. Alinishika uso kwa viganja vyake viwili vinavyonukia tufaha.

"Nilisikia yote," alisema.

"Najua, mama."

"Nimemlea mimi. Sijui nimlaumu nani." Akanirekebishia kola ya koti. "Ukija tena, usisimame kwenye mlango. Ingia."

Nikamwinamia, kisha nikaenda kushika nafasi yangu.

Njia ya kushuka Larjei ni nyembamba, mlima kushoto na korongo kulia, mtu nyuma ya mtu. Mzee Sietse alikuwa mbele yangu, anakanyaga kwa heshima kiatu chake cha gundi. Hakuniuliza chochote. Mara mbili alinigeukia, akanipa kopo lake la peremende, nikachukua, akageuka tena.

Baada ya saa moja hivi msafara ukasimama. Nikadhani kuna mtu ameteleza. Kisha nikamwona Iaco.

Alikuwa anarudi. Anapanda kinyume, anawapita wageni mmoja mmoja, kila mmoja akijibana mlimani kumpisha, samahani, samahani. Yule mama wa Munich alitoa kichwa kutazama. Misimu mitano, sikuwahi kumwona Iaco akirudi nyuma. Nilisikia damu ikinipanda mpaka shingoni. Mzee Sietse akaegemea mwamba, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Iaco akafika. Alikuwa anahema, na si kwa sababu ya mlima.

"Ornella," alisema. "Usipande treni."

"Kwa nini nisipande?"

"Kwa sababu..." Akageuka. Watu kumi na wawili walikuwa wanatutazama, na wengine walikuwa hawafichi hata kidogo. "Unajua kwa nini."

"Sijui. Niambie."

"Hapa? Mbele za watu?"

"Hapa."

Akafungua mdomo. Nakumbuka jua lilikuwa kwenye nyusi zake, na midomo imepasuka kwa baridi, na nilikuwa nimeshakubali. Neno lolote. Angesema kaa, ningekaa. Angesema nisaidie, ningemsaidia. Miguu yangu ilikuwa imeshageuka nusu kuelekea juu, kwa mama yake, kwenye jiko lile.

"Kuna shida?" mtu mmoja akaita kutoka mbele. "Tunangoja nini?"

Iaco akafunga mdomo.

Nikamhesabia kimya kimya, moja, mbili, mpaka kumi na tano. Kisha nikasema kwa sauti yangu ya kazi, ile ninayowahimizia watu wanywe maji, "Rudi mbele, Iaco. Wageni wako wako peke yao na hapa ni pabaya."

Nilisema kwa mdomo tu. Moyo wangu wote ulikuwa unamwomba akatae. Aseme waangalie wenyewe njia yao, aseme sirudi, akae chini kwenye lile jiwe kama mtoto mtundu asitoke.

"Sawa," alisema.

Na nikayaona mabega yake yakishuka kwa nafuu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Akageuka, akawapita tena mmoja mmoja, samahani, samahani, mpaka akafika mbele, akainua fimbo yake, na msafara ukaanza kwenda. Simu ikakoroma kifuani mwangu ikiuliza wangapi, nami nikaizima.

Mzee Sietse akainuka taratibu. Hakunitazama usoni, na namshukuru kwa hilo.

"Nenda tu, mzee," nilimwambia. "Mimi nipo nyuma."

Kulikuwa na njia moja tu ya kushukia, kwa hiyo nikawafuata.